Sili, Kuvumwani na Mawifi Zangu

Katika ukoo wetu huwezi kusema leo kuna joto bila mtu kuuliza unamsema nani. Sisi ni watu wa pwani, wa hapa hapa Dar es Salaam, na tumelelewa na kanga. Marehemu mama hakuwahi kugombana na jirani kwa mdomo. Alikuwa anafungua kabati, anachagua doti yenye maneno yanayofaa, anajifunga, halafu anakwenda kununua mkaa kwa njia ndefu inayopita mlangoni kwa mbaya wake. Jirani akishasoma, naye anaingia ndani kutafuta jibu. Ugomvi wa namna hiyo uliweza kumaliza masika nzima bila mtu kupaza sauti, na watoto wa nyumba zote mbili tukaendelea kuchotea maji bomba moja.

Mimi nilijiona nimeukimbia ujinga huo. Nilisoma sayansi. Ni mwalimu wa bayolojia katika sekondari moja ya kata huku Temeke, na imani yangu ni kwamba sentensi ina maana moja, ile iliyoandikwa. Ukisema chura ana ngozi yenye unyevu, basi umemsema chura.

Mkasa wenyewe ulianzia darasani. Tulikuwa tunasoma namna viumbe wanavyoyamudu mazingira yao, na kitabu kinataka tufike mpaka nchi za barafu. Barafu wanayoijua wanafunzi wangu ni ile ya ubuyu inayouzwa getini kwenye vifuko. Kila mwaka nikiwaambia walinganishe viumbe wawili wananiletea dubu na ngamia, dubu na ngamia, mpaka nimewachukia wanyama wote wawili bila kuwahi kuonana nao. Safari hii nikaapa nitawaletea viumbe ambao hakuna notisi za shule yoyote zilizowahi kuwaweka pamoja.

Nikawachagua sili tembo na kuvumwani ramani. Sili tembo ni mnyama wa baharini, mnene, dume lake lina uzito wa gari na pua iliyoning'inia kama soksi iliyolowa. Kuvumwani mnaijua, ila hamjui kwamba mnaijua: ni vile viraka vya kijivu na kijani vinavyojibandika kwenye shina la mnazi au kwenye jiwe la kaburi la zamani. Hiyo ya ramani hupenda mawe ya nchi za baridi, na imepewa jina hilo kwa sababu mtu akiitazama huona kama nchi na mipaka. Nilichokipenda ni kwamba hawa wawili ni majirani. Huko kusini kabisa mwa dunia mmoja analala ufukweni na mwingine yuko juu ya jiwe hatua chache kutoka hapo, wala hawajuani.

Somo lilikwenda vizuri mpaka mwanafunzi wa nyuma aliponyoosha mkono. "Mwalimu, huyo sili analika?" Mmoja akasema cha baharini chote halali. Mwingine akasema huyo anakaa na nchi kavu pia, kwa hiyo ana kesi kama ya chura na mamba. Wakristo wakasema kwao hakuna tatizo, tatizo ni sufuria. Kipindi kikaishia hapo, na nikatoka darasani nimefurahi, maana kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe watoto walikuwa wanabishana kuhusu mnyama.

Ni furaha hiyo iliyoniponza. Nina desturi ya kuweka somo dogo kwenye status ya simu kila jioni, kwa ajili ya kuelimisha umma. Umma wenyewe ni ndugu, majirani, wazazi wa shule na muuza gesi. Jioni ile, kabla ya kukosha vyombo, nikaandika hivi:

"Sili tembo ni mnene na hupenda kulala. Dume hujikusanyia majike mengi ufukweni, akakaa siku nyingi bila kula kwa kuyalinda. Jike huzaa, hunyonyesha wiki chache, kisha humwacha mtoto mchangani na kurudi baharini. Kuvumwani ramani hukaa juu ya jiwe. Haina mizizi, haichanui, haina mbegu. Hukua polepole mno, lakini haibanduki. Swali la leo: kati ya hawa wawili, nani zaidi?"

Swali la mwisho ni kawaida yangu. Somo lisilo na swali halina chumvi.

Sasa ili uelewe nilichokifanya, inabidi nikuelezee kaka yangu. Kaka ni fundi wa majokofu na ana wake wawili. Wa kwanza yuko Kipawa, na ndiye aliyemzaa binti yao. Binti alipokuwa mdogo kazi za kaka zilikufa, na wifi huyu wa Kipawa akaenda Omani kufanya kazi za ndani ili nyumba isimame. Akiwa huko, kaka akaoa Kunduchi. Maelezo yake kwa familia yalikuwa kwamba anamtafutia mtoto mlezi, nasi tukajitia kumwamini. Kusema kweli, mlezi alipatikana. Wifi wa Kunduchi, mwanamke mwenye mwili na sauti, mkaanga samaki, alimlea yule mtoto kama aliyetoka tumboni mwake, na yeye mwenyewe hakujaliwa kupata wa kumzaa. Mama mtu aliporudi akamchukua binti yake. Tangu hapo wake hawa hawajasemezana. Kaka anakwenda huku na huku na kisanduku chake cha spana, na habari za upande mmoja hazifiki upande wa pili ila kwa kupitia kwangu, wifi yao.

Binti huyo amekua, na mwaka huu kaposwa. Nampenda yule mtoto kupita kiasi. Siku moja akaja kwangu, akakaa jikoni, akaniambia kitu alichoshindwa kumwambia baba yake.

"Shangazi, mie nataka singo. Ila nataka wanipake mama zangu wote wawili. Kama mmoja hatakuja, bora isiwepo kabisa. Niolewe tu, niondoke."

Singo ni ile dawa ya liwa na manjano na maji ya waridi anayosuguliwa bibi harusi siku chache kabla ya ndoa. Wanaoanza kumsugua ni mama na wakubwa wa kike, wengine wanafuata. Tangu siku ile nikaingia kazini. Nilibembeleza Kipawa, nikabembeleza Kunduchi, nikala samaki wasio na idadi na kunywa chai ya kila rangi. Mwishowe wakakubali: singo ifanyike kwangu Temeke, Jumamosi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukanyaga kwa mwenzake. Watakuja wote, wakae pembe mbalimbali, wampake mtoto, waondoke.

Niliandika habari za sili siku chache tu kabla ya Jumamosi hiyo. Wala sikuona uhusiano. Mtu aliyesoma mofolojia ya kuvu hawazi mambo ya singo.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa wifi wa Kipawa, na alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Wifi! Wewe kiboko! Umemkomesha!"

"Nimemkomesha nani?"

"Aa, mie na wewe tena? Mnene, anapenda kulala, kazi yake samaki. Nimesoma hapo tu nikasema basi, wifi yangu kanisemea. Nimeshawatumia na shoga zangu."

Nikamwambia ni bayolojia. Akasema bayolojia nzuri sana hiyo, niendelee hivyo hivyo, na akakata simu kabla sijapata pa kuingilia. Sijaweka simu mezani, ikalia tena. Kunduchi.

"Wifi, mie sina la kusema, Mungu akulipe. Miaka yote nimekaa kimya. 'Humwacha mtoto mchangani na kurudi baharini.' Kalisoma hilo? Sijui kalisoma! Nimeipiga skrinshoti, niikaushe kama samaki isiharibike."

"Wifi yangu, huyo ni mnyama. Yupo kweli. Ana picha."

"Ndiyo, na mie nimemwona. Alikujaga hapa na masanduku kutoka Omani."

Kaka naye akapiga, sauti nzito ya mtu aliyeonewa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia haraka. "Kwa hiyo mie ndiyo dume." Nikakana. Akasema, "Ila hapo kwenye kutokula umenipatia. Siku ya kuhama zamu, wa huku anajua nimekula kule, wa kule anajua nimekula huku." Sikujua kama amekasirika au anajisifu, na nadhani hata yeye hakujua.

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angefuta ile status, akaweka picha ya maua na salamu za usiku mwema. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiona darasa zima limekosa jibu haendi nyumbani, anarudia somo. Na hasira zilinipanda pia. Wanawake hawa kila mmoja alisoma mstari mmoja, akakuta tusi la mwenzake, akatosheka. Nilichukia uvivu wa kusoma kuliko nilivyochukia fitina. Nikaandika ufafanuzi:

"Ndugu zangu, sikumsema mtu. Wengi hamkusoma chote. Rudieni kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyongeza: kuvumwani si kiumbe kimoja, ni wawili, kuvu na mwani, waliobanana mahali pamoja. Mmoja hutengeneza chakula, mwingine hutoa makazi, na si rahisi kujua nani anamtumia mwenzake."

Wakarudia. Kwa makini. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu watu kutii agizo hilo.

Wifi wa Kipawa alituma ujumbe wa sauti. Hakuwa anacheka tena. Alisema hakwenda Omani kuogelea. Alisema alisugua vyoo vya watu huku maziwa yanamtoka kifuani akilala, na pesa aliyotuma ndiyo iliyomnunulia kaka yangu ile mitungi ya gesi ya kujazia majokofu. "Kama mie ni mnyama wa kuacha mtoto mchangani," akasema, "basi siji kwenye singo, nisije nikawachafulia." Kisha akajitoa kwenye grupu la familia, na mtu akijitoa kwenye grupu kwetu ni sawa na kurudisha mahari.

Wa Kunduchi alipiga. Nilijiandaa kupokea kelele, kwa sababu yule mwanamke akipandisha sauti sokoni hata paka wanasogea. Alizungumza polepole.

"Wifi, mie mbegu sina. Wewe ulikuwa unajua. Ulinisindikiza hospitali mwenyewe."

Nilijua. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamshika mkono wakati daktari anasema yale maneno yake. Na sasa nilikuwa nimesimama jikoni na neno langu mwenyewe, sahihi kabisa kisayansi, maana kuvumwani kweli haina mbegu. Nikasema, "Wifi, ni mmea tu, na hata mmea siyo." Akasema haya, akakata.

Niliona aibu, na aibu hiyo haikupungua kwa kujua kwamba nilikuwa sahihi. Nililala nayo na kuamka nayo.

Binti akaja kesho yake akitokea kazini, macho yamevimba. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alivua viatu, akakaa chini, akasema, "Shangazi, si nilikwambia wote wawili?" Nikamwahidi nitarekebisha. Nilipotaka kujitetea kwamba somo lenyewe lilikuwa zuri, alinitazama nikaacha.

Nilianza Kipawa. Wifi alikuwa ndani, kwa sababu redio ilikuwa inaimba taarabu, na nilipobisha hodi taarabu ikaongezwa sauti. Nikabisha tena, ikaongezwa tena. Tukaendelea hivyo mpaka spika ikaanza kukwaruza, na jirani akatoka kunitazama kwa huruma. Siku iliyofuata nikatoka shuleni mapema, nikaenda Kunduchi. Karai la kukaangia samaki lilikuwa limefunikwa, jiko limezimwa. Mwanamke wa meza ya pili akaniambia hayupo, kaenda Kariakoo tangu asubuhi na mwenzake.

"Mwenzake nani?"

"Mie simjui. Mwanamke mwembamba. Walikuwa wanapigiana simu tangu jana, leo kaja kumfuata na bajaji."

Nilifikiri ni mteja. Nikarudi Temeke nimechoka, nikatwanga liwa peke yangu huku nikijua huenda natwanga bure. Binti alikuwa amenikabidhi kitu kimoja tu katika harusi yake nzima, na mimi nimekipoteza kwa ajili ya mnyama ambaye hata kupanda ngazi hawezi.

Jumamosi mchana wanawake walianza kuingia. Mashangazi wa upande wa bwana harusi, majirani, walimu wenzangu. Binti alikaa kwenye mkeka katikati ya ua, amefungwa kanga ya manjano, anatabasamu kwa kila mtu na kutazama getini. Nilikuwa nazunguka na sinia la visheti nisimwangalie usoni. Alikuwa amesema mama zake wasipokuja atanyanyuka na kwenda kuvaa nguo zake, na yule mtoto anafanana na bibi yake, akisema ndiyo kasema.

Bajaji ikasimama. Akashuka wifi wa Kipawa. Akageuka, akampa mkono mtu aliyebaki ndani, akamsaidia kushuka, na mtu huyo alikuwa wifi wa Kunduchi.

Walikuwa wamevaa sare. Kanga moja, rangi moja, nyekundu na nyeusi, doti mpya ambayo wanga wake ulikuwa bado haujavunjika. Waliingia bega kwa bega, wakasalimia wakubwa, halafu wakageuka wote kwa pamoja kama askari wa gwaride ili ua mzima usome mgongoni. ELIMU UNAYO ADABU UMEIKOSA.

Ua ukapiga vigelegele. Kila mwanamke pale alinitazama mimi kwa furaha kubwa, hata mwalimu wa hisabati. Na mimi, niliyeamini kwamba sentensi ina maana moja, sikuhitaji hata kumaliza kuisoma. Nilijua kama vile ingekuwa na picha yangu. Baadaye niliambiwa wa Kipawa ndiye aliyempigia mwenzake kwanza, kumuuliza kama naye kasoma yote, kisha wakashinda Kariakoo kutwa nzima, duka hadi duka, wanafunuliwa doti baada ya doti. Hii haina makali, hii itamgusa na mama wa bwana harusi, hii tuliwahi kumvalia fulani. Walikula chipsi sahani moja. Watu ambao nilishindwa kuwapatanisha kwa samaki na chai kwa miezi walipatanishwa na kazi ya kunitafutia tusi.

Nikawafuata na sinia langu. "Hivi nyie mnanivalia mimi kanga nyumbani kwangu?"

Wifi wa Kipawa akafungua macho kwa mshangao mtamu. "Aa, wifi! Hiyo kanga tu. Sie hatujamsema mtu."

"Soma tena mwanzo mpaka mwisho," wa Kunduchi akaongeza. "Kwa makini."

Kisha akatoa kwenye mfuko wa plastiki doti ya tatu, ile ile, imekunjwa vizuri. Sare ni ya wenye shughuli, na mimi ni mwenye nyumba. Hawakunilazimisha. Walinishikia tu mbele ya watu wakasubiri.

Nilitaka kuitupa. Niseme ukweli, nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lenye kuuma, na lingewafanya wote wawili wapande bajaji waliyokuja nayo. Lakini nikamwona binti pale mkekani. Hakuwa ananitazama kwa kunisihi. Alikuwa anahesabu vichwa: mama mmoja, mama wa pili, na mimi niliyesimama kati yao na mlango. Nikaweka sinia chini, nikaichukua, nikajifunga juu ya gauni langu, nikageuka ili wasome. Vigelegele vya hapo vilisikika mpaka barabarani.

Tukaenda mkekani. Nikaleta bakuli la singo, na hapo nikakumbuka kwamba hatukuwa tumelipanga jambo gumu kuliko yote, nani aanze. Anayeanza ni mama. Wanawake waliacha kupiga makofi. Wifi wa Kipawa alilipokea lile bakuli, akachota kwa vidole, akakaa nayo mkononi huku anaitazama. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya kuvalia watu kanga.

Akamshika mwenzake mkono, akamwekea ile singo kiganjani. "Anza wewe. Nilipokuwa Omani, aliyekuwa anamwogesha ni wewe."

Wifi wa Kunduchi, yule mwanamke wa maneno, akakunja mikono ya gauni lake. Akapiga magoti nyuma ya binti, akaanza mgongoni, taratibu. Na binti, bila kuambiwa, akainamisha kichwa mbele na kukusanya nywele zake kwa mkono mmoja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.